Vikombe vya Guka Nilivipeleka Kanisani

Mimi ndiye niliyekosea. Nasema mapema ili mtu asije akanitafutia sababu.

Nalea wazee majumbani huku Marekani, mjini Lewisville. Mzee niliyekuwa naye ni Mmarekani, lakini nilizoea kumwita Guka, yaani babu kwa lugha ya kwetu, na yeye alilipenda hilo jina. Alikuwa ameanza kusahau. Siku nyingine aliniuliza mimi ni nani.

Kahawa yake hakuisahau. Yeye na marehemu mkewe waliuza kahawa New York miaka mingi, kwa vile vikombe vya karatasi vya bluu na nyeupe vyenye picha ya mtungi wa Kigiriki. Walipofunga duka wakabaki na pakiti ya mwisho. Bila kikombe hicho hanywi, wala dawa hamezi. Kikilegea ndio namtolea kingine.

Siku moja nilimpeleka kliniki nikabeba pakiti nzima, nikazembea kuirudisha ndani. Jumapili ikawa zamu yetu ya chai kanisani. Sisi Wakenya mnatujua, ibada bila chai haijaisha. Watu wakazidi, vikombe vikaisha, mwenyekiti wa akina mama akanigeukia.

"Dada, huna kitu kwa gari?"

Jamani, si nilienda nikaleta! Nilijiambia karatasi ni karatasi. Wakanywa, tukatupa.

Nika-drive mpaka Mesquite kwa duka la jumla kutafuta vingine. Vya kuigiza viko tele. Bluu ni ileile, mtungi niliuona uleule. Asubuhi nikampa Guka. Akakigeuza, akapitisha kidole kwa ule mtungi.

"Hiki si chetu."

"Ni chako, Guka. Kunywa kahawa."

Akakiweka chini. Tangu hapo hakupokea kitu mkononi mwangu, hata maji. Nilinunua vya aina nyingine, na nyingine tena. Kila kimoja anakigeuza, anakirudisha, anauliza mkewe yuko wapi. Nilikuwa naenda bafuni kulia.

Binti yake akaja kutoka Houston. Alipoona baba hanywi, machozi yakamtoka.

"Ugonjwa umezidi. Hata vikombe vyake mwenyewe havijui tena."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Niliogopa kazi. Nikaitikia, "Ndiyo, umezidi."

Akamhamishia kituo cha wazee Houston. Juzi nilishindwa kulala na hii kitu, nikampigia huyo binti nikamweleza yote. Akauliza kama kuna hata kimoja kilichobaki. Nikasema hakuna. Akakata simu.

Nimeuliza kila mtu kanisani kama alibaki na kikombe. Wanashangaa nalilia takataka.

Wewe unayelea mzee wa wenyewe, akikuambia kitu si chake, msadiki. Guka ndiye aliyekuwa na akili timamu mle ndani, na sisi wawili tukamwita mgonjwa. Sasa wanamtilia maji kwa mshipa, na mimi sina cha kumpelekea.