Seva ya Majaribio na Tangazo la Msiba

Kuna watu ukiwapa ng'ombe anayekamuliwa vizuri, watamchinja ili waone ndama aliye tumboni amefikia wapi. Mtaalamu wa kompyuta aliyeletwa kutoka Mwanza kwenye redio yetu pale Bariadi alikuwa mtu wa namna hiyo, na bado wapo wanaomsifu.

Mimi pale nilishughulika na waya na jenereta. Shule niliiachia kidato cha pili, nikapita machimboni, nikapita kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na redioni nikafika kwa udadisi tu. Nilitaka kujua sauti inatokaje kwenye chumba chenye magodoro ukutani mpaka ikasikike Meatu.

Kompyuta zetu chache zilitegemea seva moja kuukuu, yaani mashine iliyotunza mafaili ya wote, kila mtu akafungua la kwake kutoka alipoketi. Ilikoroma, ilijaa vumbi, lakini haikuwahi kumnyima mtu faili. Mtaalamu alipoiona alicheka.

"Hii mnawanyima tu wauza chuma chakavu riziki yao."

Alikuja na programu huria, ya bure, ya kutunza mafaili pamoja na majina ya watumiaji: nani aruhusiwe kuingia, kwa nywila ipi. Sina ugomvi na programu hiyo. Walioitengeneza walikuwa waungwana. Walitoa toleo la mapema ili wenye nafasi wapate kulijaribu na kuwaambia kasoro zake, na juu kabisa wakaweka onyo. Mtaalamu mwenyewe alitusomea onyo hilo huku akitafsiri: toleo hili ni la majaribio, msiliweke kwenye kazi mnayoitegemea.

"Hayo wanawaandikia waoga," akasema.

Meneja hakutaka kuonekana mwoga mbele ya mtu wa Mwanza. Akaitikia kwa kichwa. Jioni ile seva ya zamani ilifutwa yote, mpya ikawekwa mahali pake, na mtaalamu akaijaribu kwa kompyuta moja tu, ile ya mkobani mwake. Ikafunguka. Akajipongeza.

Jioni hiyohiyo alifika mzee mmoja kutoka Lingeka kwa bodaboda. Nilikuwa nje kwenye jenereta, habari yake niliipata baadaye. Mama yake amefariki, maziko ni kesho saa kumi alasiri, na mdogo wake yuko upande wa Kiloleli na ng'ombe. Simu hana, ila ana redio ndogo aliyoifunga shingoni. Akisikia tangazo la saa moja asubuhi atawahi kumzika mama. Akisikia mchana, hawahi. Mtangazaji wa zamu alimrekodi mzee kwa kompyuta ya mtaalamu iliyokuwa bado wazi mezani, faili likaingia kwenye seva, mzee akaondoka. Mtaalamu naye akaenda gesti na kompyuta yake. Nywila kuu, ya kuisimamia seva yenyewe, aliijua yeye peke yake.

Asubuhi dada wa zamu alikuta kwenye simu ujumbe wa mtangazaji wa jioni: kuna tangazo la msiba wa Lingeka, lianze hilo. Akaingiza jina lake na nywila. Akakataliwa. Akahamia kompyuta nyingine, akakataliwa. Simu ya mwenzake wa jioni haikupatikana. Ya mtaalamu iliita mpaka ikakata.

Akasema hewani alichokijua: "Tuna tangazo la msiba kutoka Lingeka. Mtuvumilie kidogo, tunalifungua." Kwa neno hilo aliwakalisha chini watu wote wenye ndugu Lingeka.

Mtaalamu aliingia saa tatu na chapati mkononi. Alitafuta kosa mpaka chai yake ikapoa, na alipolipata akafurahi kama aliyeokota dhahabu. Programu mpya haimpokei mtu ambaye saa ya kompyuta yake imeachana na ya seva. Na saa za kompyuta zetu zote zilikuwa zimerudishwa nyuma saa sita. Watangazaji waliziseti kwa Kiswahili miaka mingi, jua likichomoza kioo kisome 1:00 badala ya 7:00, mtu asianze kupiga hesabu akiwa hewani. Seva ya zamani haikujali.

"Nani aliharibu saa hizi?"

"Hazijaharibika," dada akasema. "Saa moja ni saa moja."

"Ngosha, mnaishi dunia ipi huku?" akaniuliza mimi.

"Hiihii. Uliijaribu kwa saa ya nani?"

Akageukia kioo cha kompyuta yake. Tangazo lilisomwa mchana, alipomaliza kubadilisha saa zote.

Siku ya pili yake asubuhi aliingia mwanaume mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, fimbo mkononi, redio ndogo kifuani. Tulijua kabla hajasema.

"Mwangaluka," akatuamkia.

"Mwangaluka, baba. Karibu," dada akasema.

"Nimefika wameshafukia. Nilisikia mkisema tuvumilie, nikavumilia. Nilizuia ng'ombe zizini nikisubiri jina. Kaka anasema alisema vizuri. Nataka nimsikie."

Dada alifungua faili. Lilifunguka mara moja. Sauti ya mzee wa Lingeka ikajaa chumbani, ikitaja jina la mama, saa ya maziko, na jina la huyu aliyesimama mbele yetu. Mtaalamu alikuwa kwenye kona, akamwinamia meneja.

"Unaona kasi yake? Ya zamani ingekoroma kwanza."

Mgeni alisikiliza mpaka mwisho.

"Hii mlikuwa nayo jana asubuhi?"

"Tulikuwa nayo," dada akasema.

"Ilikuwa wapi?"

Mtaalamu akaanza kueleza: seva, toleo, watumiaji, saa. Alieleza kwa raha, kama mtu anayehojiwa. Mgeni akamngoja amalize.

"Nimeuliza ilikuwa wapi."

Mtaalamu akanyoosha kidole chini ya meza, kwenye boksi jeusi lenye taa ya kijani. Mgeni akainama, akaliangalia kwa muda, kisha akatoka bila kuaga. Meneja akamwambia mtaalamu waendelee na seva mpya.