Mtama wa Somo wangu upo mashineni, sijausaga

Nifichieni jina, ingawa wa huku Mtunda wakisoma mpaka katikati watanijua tu, maana mashine ya kusaga hapa kwetu ni yangu peke yangu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, mjane, nina watoto watatu. Nawaandikia kwa sababu kila ninayemuuliza huku tangu juzi ana upande wake.

Nianzie nyuma kidogo. Marehemu mume wangu aliugua muda mrefu, tukazunguka kwa waganga mpaka shamba la mikorosho likaenda. Huyu anataka kuku mweusi, yule anataka kitambaa cheusi cha kaniki, na mume wangu anazidi kukonda. Alipofariki nilimwapia Mungu juu ya kaburi lake kwamba mkono wangu hautashika tena kitu cha mizimu. Nikaanza kwenda darasani kwa ustadhi, nikajifunza dini ambayo zamani nilikuwa naikumbuka siku ya Idi tu. Nilipopata mashine nikabandika karatasi mlangoni: HATUSAGI KIMEA CHA POMBE WALA VITU VYA TAMBIKO. Watu walinicheka sana, lakini sikuitoa.

Ila watu wajanja. Mtu anakuja na kimea, nikimkazia macho anasema, "Cha togwa hicho, dada, hakilevyi." Debe zima la togwa, na mumewe namjua, kila jioni anarudi nyumbani kwa kushika ukuta! Nasaga. Najiambia mie nimeuliza, nimejibiwa togwa, dhambi abebe mwenyewe. Na usiku nalala vizuri tu.

Sasa wiki iliyopita akaja Somo wangu. Kwa msio wa pwani, somo ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, na siku ya harusi ndiye aliyenishika mkono mpaka kwa mume. Mama yangu alikufa mapema, kwa hiyo huyu ndiye mama. Ni Mmatumbi, mtu mzima sana, swala tano hazimpiti. Alikuja na mtama mweupe kaufunga kwenye kaniki. Niwaeleze ni wa nini. Babu yake mzaa baba alikuwa kijana wakati wa vita vya Majimaji. Alikunywa ile dawa waliyoambiwa itageuza risasi za Mjerumani kuwa maji, akaagana na mkewe njiani, akaenda. Hakurudi, wala maiti yake haikuonekana. Kila mwaka kabla ya mvua ukoo wao hupanda huko milimani walikotoka, wanasoma hitima, halafu wanamwaga unga wa mtama palepale walipoagana. Miaka yote Somo huutwanga mwenyewe. Mwaka huu bega limekataa.

"Mwali wangu," akasema, "nisagie huu kabla hujaingiza mahindi ya watu. Ni wa babu."

Foleni ilijaa wanawake. Wote wakaniangalia mimi, wakaiangalia na karatasi. Nikamsogelea Somo, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Sema basi ni wa uji, nisage yaishe."

"Uji?" Akashtuka. "Huu hausagwi kwa uongo, mwanangu. Anayeusaga lazima aambiwe ni wa nani. Ndivyo tulivyoukuta."

"Basi siwezi, Somo. Dini hairuhusu."

"Kwani mie dini sina? Mie simwombi kitu babu, namwomba Mungu. Ila yule hakuzikwa. Namwambia tu kwamba tupo, hatujamsahau. Kosa hilo?"

Nikaanza kupanga madebe ya watu. Akabeba mtama wake, akaondoka polepole. Aliyefuata kwenye foleni akasogeza debe lake la kimea, akasema ni cha togwa. Nikamsagia.

Jioni nilikwenda kwa ustadhi. Akaniambia nimefanya vyema, kusaidia shirki, yaani kumshirikisha Mungu, ni kushiriki, na mashine ni mali yangu, nina haki ya kukataa kazi inayochafua imani yangu. Sikatai, na mimi naamini hivyo. Lakini nilirudi nyumbani moyo umejaa hasira, sijui namkasirikia nani. Wote walionidanganya nimewahudumia. Aliyekuja kunieleza ukweli wake mbele ya watu ndiye niliyemrudisha, na ni mama yangu.

Juzi Somo akaja tena, mchana, hakuna foleni. Alikuwa amejaribu kutwanga mwenyewe, mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko. Akauweka mtama juu ya benchi, umefungwa kwenye kaniki ileile. Hakukaa hata kidogo.

"Mwanangu," akasema, anaangalia chini, "ni wa uji."

Akatoka. Ndugu zangu, nililia kama siku ya msiba. Huyu ndiye aliyenifundisha kusema kweli hata inaponiuma, na leo kanidanganya huku anaona aibu, kwa maneno niliyomfundisha mimi. Najua kwake mtama huo umeshaharibika. Atapanda nao mlimani huku anajua umeanza na uongo, na hatamwambia mtu. Kuuponya kuna njia moja tu, nimtamkie kwa mdomo wangu kwamba nimeusaga nikijua ni wa babu. Hapo nitakuwa nimevunja kiapo changu kwa Mungu, kile nilichokula juu ya kaburi la mume wangu. Nikikaa kimya nikausaga kama uji, nitakuwa salama kwa watu, na yeye ndiye atabeba uongo, kama wale wa kimea. Nikiurudisha, mkono ule hauwezi tena kushika mchi.

Wanapanda mlimani Jumapili. Mtama uko hapa kwenye benchi, nimeufunika sahani panya wasiuguse. Kesho anakuja kuuchukua, na najua ataniuliza, "Umesaga?" Nishaurini, wenye dini na wenye wazee. Nimjibu nimesaga wa uji, au nimjibu nimesaga wa babu?