Miguu ya Merle Haskins

Merle Haskins hakuonekana kwenye filamu hata moja, ila miguu yake ilisikika. Nyota alikuwa akicheza dansi mbele ya kamera, kisha Merle anaitwa studio, anamwagiwa mchanga juu ya ubao, anaburuza viatu kufuatisha hatua za mwenzake, na mchakacho huo ndio unaorekodiwa. Jina lake halikuandikwa popote.

Akiwa na miaka tisini na moja akasikia kwamba muziki wa mojawapo ya filamu hizo umesafishwa upya kwenye studio moja huko Burbank. Akapanda mabasi mawili, na mkongojo wake, aende akaisikie miguu yake. Fundi wa sauti, Curtis Wengler, akampokea kwa adabu na kumvalisha hedifoni masikioni.

Vinanda vilitoka safi, kama vimepigwa asubuhi ile. Kisha vikanyamaza, pakawa kimya.

"Ndipo hapa," Merle akasema. "Mbona kimya?"

"Palikuwa na mikwaruzo mibaya, bibi. Nimehangaika nayo wiki nzima mpaka nikaifuta."

"Ilikuwa inakwenda na mdundo?"

Curtis akaitikia kwa kichwa.

"Basi mikwaruzo hiyo ndiyo mimi, mwanangu."

Utepe wenyewe wa zamani, uliorekodiwa sauti hizo, ulikuwa umeoza, unanuka siki, na studio wameshautupa. Nakala ya kwanza, ya kabla ya kusafisha, Curtis aliifuta alipomaliza kazi.

"Tunaweza kurekodi tena," akasema kwa sauti ndogo. "Mchanga nitautafuta mimi."

"Miguu hii? Hata chooni inanifikisha kwa kubembelezwa."

Akavua hedifoni, akaziweka mezani polepole.

"Umesafisha vizuri, lakini," akasema. "Hakuna hata alama."