Siku Nilipoikalia Ndege ya Elia

Namshukuru Mungu aliyenifikisha umri huu na kuniachia kumbukumbu zangu, hata zile za kuniaibisha.

Juzi nilikuwa navunja mabua ya mtama ya kuwashia moto. Mlio wake mkavu ulinirudisha kijijini kwetu Mungaa, kwenye siku niliyoikalia ndege ya kaka yangu Elia.

Usicheke, ndugu msomaji. Ndege ile aliitengeneza mwenyewe kwa mabua, akaunga vipande kwa vijiti vya maganda yake, na kila bawa lilikuwa refu kama mkono wangu. Jumatatu ilikuwa ipelekwe shuleni, mwalimu aipe alama za kazi za mikono. Jumamosi Elia alikwenda kuchunga, akanikataza kuigusa. Niliirusha mara tatu, nikaiweka chini, nikasahau nilipoiweka, nikaja kuikalia. Bawa la kushoto likavunjika vipande viwili.

Nilikuwa na muda mpaka ng'ombe warudi. Nikabandua gundi kwenye mti wa mgunga, nikailainisha kwa maji ya moto, nikaunga. Bawa likalegea. Nikaongeza kijiti, likapinda. Nikazungushia uzi na gundi tena, likashika. Lakini kila nikiirusha, ndege ilielemea kushoto, ikazunguka, ikachimba vumbi kwa pua. Nikakwangua gundi ili bawa liwe jepesi, kiungo kikaachia. Nikaanza upya. Vidole vilinata, nywele zikanata. Nilisali kwa hasira, na mpaka leo sijui kama ile ilikuwa sala.

Mama akarudi kutoka kisimani na punda wetu. Nilimweleza yote nikilia, naye akashusha madebe bila kunikaripia. Kisha akaokota kokoto bapa, akaifunga kwenye bawa la kulia, lile zima, kama alivyozoea kuongeza jiwe upande mwepesi wa mzigo wa punda.

Hapo niliudhika kuliko mwanzo. "Mama, bawa zima limekosa nini?"

"Halijakosa kitu," akasema. "Ndiyo maana linaweza kubeba."

Ndege ikaenda moja kwa moja, chini chini, mpaka kwenye ua wa zizi.

Elia aliporudi hakuhitaji kuambiwa. Aliigeuzageuza, akasema ina viraka kuliko suruali ya babu, akaniuliza kama niliikalia au niliilalia kabisa. Jumatatu akaenda nayo, kokoto ikiwa palepale. Alama alizopata hakunitajia, nami sikuthubutu kuuliza.

Jibu la mama sikulipenda. Niliona ni uonevu. Nimelielewa uzeeni, tangu Elia alipopooza upande mmoja akaja kukaa kwangu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikimgeuza kitandani huku nanung'unika moyoni: nimekosa nini mimi, hata nibebeshwe hivi? Siku moja nikaitazama mikono yangu, yote miwili mizima, nikaendelea kumgeuza. Mungu alikwisha kunijibu zamani, kwa kinywa cha mama.

Nawe unayesoma, Bwana akutie nguvu chini ya mzigo wako, na siku ukichoka akuletee mtu wa kukupokea.