Neno Ambalo Tulinagwe Hakulisema

Anyelwisye, mzee wa kanisa katika milima ya Ileje, alijivunia jambo moja: tangu achaguliwe mwaka 1938, hakuna ugomvi wa ndoa wa bonde lao uliofika kwenye baraza la chifu. Yote aliyamaliza nyumbani kwake, kwa maneno na sala.

Msimu mmoja wa kupalilia, Tulinagwe, mke wa Jonasi, alimjia peke yake.

"Baba, Jonasi ananipiga. Namwogopa. Nipeleke kwa chifu."

"Mwanangu, mambo ya ndani hayaanikwi juani. Nitawaita wote wawili."

"Mbele yake sitaweza kusema."

"Utaweza. Nitakuwepo."

Jumapili akawaketisha pamoja. Jonasi alikuwa mpole, akakiri kwamba ana hasira kidogo. Mzee akamgeukia mke. Tulinagwe aliitazama mikono yake mwenyewe, kisha akasema, "Sina neno." Anyelwisye akawashikanisha mikono, akamshukuru Mungu, akala ugali wake kwa raha.

Siku ya tatu, asubuhi, alimkuta Tulinagwe ameketi mlangoni pake, mkono umefungwa kwa kitambaa, umevimba hadi vidoleni.

"Jumapili, njia nzima ya kurudi, aliniuliza nilikwambia nini," alisema, bila kulalamika.

Mzee akamwingiza ndani. Mke wa mzee, aliyekuwa akichemsha maji ya kumkanda mgonjwa, alishindwa kumtazama mumewe usoni.

Siku hiyohiyo akampeleka kwa chifu. Barazani, karani akauliza huyu mama alikwenda kwa nani kwanza. Tulinagwe akanyamaza. Anyelwisye naye angeweza kunyamaza. Akasimama.

"Kwangu. Aliniambia anaogopa, nikamkalisha na anayemwogopa."

Wazee wenzake waliinamisha macho. Jonasi akafungwa, Tulinagwe akarudi kwa kaka zake.

Tangu hapo, kila wanandoa walipomletea ugomvi, Anyelwisye alimwita kila mmoja faraghani, akauliza kama anamwogopa mwenzake. Wasioogopana aliwapatanisha. Akijibiwa ndiyo, alivaa koti akaongozana na mwenye hofu hadi kwa chifu. Wengine walisema mzee amechoka, hana tena kipaji chake. Hakujitetea.

Kilichomshinda ni kukutana na Tulinagwe njiani. Kila mara alipiga goti, akasema, "Shikamoo, baba," kwa heshima ileile ya zamani. Afadhali angemtukana.