Pikipiki Isiyo na Esansi

Juzi, kwenye bariere ya njia ya Bihambwe, mwenye bunduki alikuja na tiyo yake, ule mupira wa kunyonyea mafuta, kama kawaida, kwa sababu pale kila pikipiki inanyonywa litre moja ya esansi ndipo ipite. Akafika kwa mufanyabiashara mumoja wa Butembo. Akainama, akatafuta tanki, akazunguka pikipiki mara mbili.

"Papa, esansi iko wapi?"

"Hakuna, kaka. Hii inakunywaka umeme tu."

Tiyo ikabaki inaning'inia mukononi. "Basi, pita!"

Sisi wenye pikipiki tuliokuwa tunangojea nyuma tulipiga makofi! Redio ilikuwa imetangaza kwamba serikali imeondoa ushuru wa duane kwa pikipiki za umeme, na hakuna aliyegeuza kichwa. Sasa wote tulimukimbilia yule Papa kuuliza inauzwa wapi. Mwenye tiyo alitutangulia.