Blanketi Juani

Ijumaa moja, wakati wa vita vya shifta, tulimpoteza aabo, baba yangu. Juzi, hapa Garissa, nilimwona muuguzi akimfunika mgonjwa blanketi ndani ya ambulensi, jua likiwaka, nikaikumbuka siku ile.

Aabo alikuwa amepigwa risasi kisimani. Ndani ya Landrova iliyonuka petroli na damu, dresa, mhudumu wa kufunga vidonda, kutoka bara alimfunika blanketi zito.

“Mbona unamfunika na jua hili?” nilimuuliza.

“Damu ikitoka, binti, baridi huingia.”

Nilidhani mgeni huyu halijui jua letu. Alipogeuka nilimfunua aabo, nikampepea kwa mtandio wangu.

“Halimo, nirudishie,” aabo alininong’oneza. “Nasikia baridi.”

Nilicheka, nikidhani ananitania. Kisha nikaona meno yake yanagongana.

Nilimfunika hadi kidevuni, akanishika kidole. Tulipofika hospitalini, dresa ndiye aliyekitoa kidole changu mkononi mwa aabo.